UZI: Fenobabitoni na primidoni, dawa za kifafa na kutetemeka mikono. Zinaingia polepole, zinatoka polepole, na hapo ndipo watu wanapoumia

Mpima_Dozi (#1)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa wanaotumia, au wanaouguza mtu anayetumia, fenobabitoni (vile vidonge vidogo vya mg 30 vinavyotolewa kliniki ya kifafa) au ndugu yake primidoni, ambayo wengine mnaijua kwa jina la Mysoline. Primidoni huku kwetu ni adimu, lakini kuna wanaoletewa na jamaa walio nje, hasa kwa wazee wanaotetemeka mikono.

Naziweka pamoja kwa sababu primidoni ikipita kwenye ini, sehemu yake hugeuzwa kuwa fenobabitoni yenyewe. Mgonjwa aliyeandikiwa feno kliniki moja na primidoni kliniki nyingine anakunywa dawa moja mara mbili bila kujua, na dalili ya kwanza ni usingizi ambao nyumbani huitwa uchovu. Kwa hesabu ya kukadiria tu, primidoni mg 250 hulinganishwa na feno mg 60.

Feno ni ya zamani. Alfred Hauptmann, daktari wa Ujerumani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa, na hadi leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni rahisi na inafanya kazi. Ugumu wake uko kwenye muda.

Chukua mwili kama mtungi wenye tundu dogo chini. Kila usiku unamimina mg 60, na kila siku takriban sehemu moja ya sita ya kilichomo inavuja. Siku za mwanzo mtungi una kidogo, kwa hiyo kinachovuja ni kidogo, na maji yanapanda. Baada ya siku nne hivi umefika nusu ya pale utakapoishia. Kiasi kinachoingia na kinachotoka vinalingana baada ya wiki tatu, na hapo mwilini mna kama mg 350, yaani dozi za karibu siku sita zikiwa zimejilimbika. Hizo ni namba za mtu mzima wa kawaida. Watoto wengi mtungi wao huvuja haraka zaidi, na wa mzee au mwenye ini bovu huvuja taratibu.

Mawili yanafuata kutoka hapo. Aliyeanza dawa Jumatatu akaanguka Alhamisi hajashindwa na dawa, mtungi wake haujajaa tu. Kumwongezea kidonge kila wiki ni kumlundikia, na wiki ya nne atakuwa anayumba kama mlevi. Pili, aliyeacha leo hataona kitu kesho. Hilo la pili ndilo linalopeleka watu wodini, tutalirudia.

Namba nitakazotaja ni za kukusaidia uelewe cheti chako na uulize swali la maana dirishani. Si za kujiandikia dawa.

---

ChaiRangi (#2)

Asante kwa uzi mkuu. Swali: mzee wa miaka 71, mikono inatetemeka akishika kikombe, ameletewa kopo la primidoni za mg 250. Maelezo ya kwenye karatasi ndani ya kopo yanasema watu wazima wafike mg 250 mara tatu kwa siku. Aanze na kimoja usiku?

---

Mpima_Dozi (#3)

Hapana mkuu. Karatasi hiyo inazungumzia kifafa, na hata kwa kifafa haianzi hapo. Kwa mtu mzima asiyewahi kutibiwa, ratiba ya mtengenezaji ni mg 100 hadi 125 usiku kwa siku tatu, kisha mara mbili kwa siku kwa siku tatu, kisha mara tatu kwa siku tatu, na siku ya kumi ndipo anaingia mg 250 mara tatu. Kikomo ni gramu 2 kwa siku.

Kwa kutetemeka dozi ni nyingine kabisa. Wengi huanzishwa mg 25 usiku, wengine mg 50, halafu wanapanda kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Wengi hupata nafuu wakiwa mg 250 kwa siku au chini ya hapo, na wanaofika mg 750 ni wachache.

Kwa nini chini hivyo? Kwa sababu primidoni ina tabia mbaya usiku wa kwanza. Mtu ambaye ubongo wake haujawahi kuonja dawa za jamii hii anaweza kupigwa na kizunguzungu kikali, kichefuchefu, kutapika na miguu kukosa nguvu, kwa kidonge kimoja tu. Hiyo ni primidoni yenyewe, kabla hata feno haijaanza kujikusanya kwenye damu. Kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache, ila kwa mzee wa miaka 71 siku hizo ndizo anazovunjika nyonga akienda msalani. Baadhi huacha dawa kesho yake na kusema imewakataa, kumbe dozi ndiyo iliyokuwa kubwa.

Sasa vidonge vya mg 250. Nusu ni 125, robo ni 62.5. Ili upate 25 ungehitaji sehemu moja ya kumi, na hakuna wembe utakaokupa hiyo. Wengine husaga kidonge, wakakoroga kwenye mililita 10 za maji, wakavuta mililita moja kwa sirinji wakiamini wamepata 25. Primidoni haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kidonge kizima kingehitaji karibu nusu lita. Kwenye kikombe chako unga unakaa chini, juu pana maji meupemeupe, kwa hiyo siku ya kwanza mzee anakunywa maji, na siku ya mwisho anakunywa tope lenye dozi ya wiki. Achana na hilo. Tafuta vidonge vya mg 50 (vipo) ugawe katikati, au ongea na famasi ya hospitali kubwa inayotengeneza dawa za maji kwa vipimo.

Usiku ule wa kwanza na wa pili alale na mtu karibu, taa ya korido iwake, ndoo au chombo cha haja ndogo kiwe kando ya kitanda. Na asianze siku moja na dawa nyingine mpya, maana akipata kizunguzungu hamtajua kimetoka wapi.

---

Tabibu_Mstaafu (#4)

Kabla ya kopo kufunguliwa, tujue kwanza mzee anatetemeka kwa nini. Si kila mkono unaotetemeka unataka dawa hii.

Mtetemeko unaosikia primidoni ni ule unaotokea mkono ukiwa *kazini*: kumimina chai, kufunga kifungo, kuweka saini. Mkono ukitulia mapajani, nao unatulia. Mara nyingi ni mikono yote miwili, na mara nyingi kuna baba au shangazi aliyekuwa nao. Mpe karatasi achore duara la konokono, kutoka katikati kwenda nje, bila kuegemeza mkono mezani. Mstari utatoka na mawimbi sawasawa mwanzo hadi mwisho. Halafu amimine maji kutoka kikombe kimoja kwenda kingine. Tunza karatasi hiyo ukaiandike tarehe. Baada ya miezi miwili ya dawa achore tena, mlinganishe. Ni kipimo kizuri kuliko kuuliza "unajisikiaje".

Mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, hasa upande mmoja, kidole gumba kikizungukazunguka kama anahesabu tasbihi, na mwendo umekuwa wa kuburuza, huo ni wa Parkinson, na primidoni haitausaidia. Mtetemeko mwembamba wa haraka, jasho, kukonda, moyo kwenda mbio: pima tezi ya shingo. Aliyeanza juzi kutumia dawa ya pumu ya kuvuta, au anayetumia valproeti ya kifafa, dawa hizo zenyewe hutetemesha. Sukari ikishuka vilevile.

Dawa ya kwanza ambayo wengi tungejaribu ni propranololi, kwa sababu ipo na bei yake ni ndogo. Haimfai mwenye pumu, mwenye mapigo ya moyo ya chini sana, na kwa mwenye kisukari anayejichoma insulini inaficha dalili za sukari kushuka. Hapo ndipo primidoni inapopata nafasi yake.

Na kuna watu wasiopaswa kabisa kupewa primidoni wala feno: mwenye ugonjwa wa porifiria (hitilafu adimu ya namna mwili unavyotengeneza sehemu ya damu), na aliyewahi kupata mzio wa feno.

---

mzee_wa_kilinge (#5)

Mzee akipata toti moja ya konyagi mkono unatulia kabisa. Kwa nini tusiendelee na dawa hiyo 😀

---

Tabibu_Mstaafu (#6)

Unatania ila umetaja dalili ya kweli, mtetemeko wa aina hii mara nyingi hupungua kwa pombe, halafu hurudi kwa kishindo ikishaisha. Ila akishaanza primidoni au feno, glasi ile ile aliyoizoea inakuwa nzito. Dawa na pombe zote zinapunguza kasi ya kupumua. Kitu hicho hakina mzaha, konyagi, gongo, mnazi, yote.

---

Nesi_wa_Usiku (#7)

Mpima_Dozi umesema utarudia suala la kuacha. Naomba niliingilie hapo, maana zamu za usiku zinawaona hao.

Mtu amekwenda kliniki, dirisha limesema feno zimeisha, njoo wiki ijayo. Anarudi nyumbani. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya, tena anajisikia mwepesi, usingizi umepungua. Ya tatu anasema "kumbe nimepona". Turudi kwenye mtungi wa mg 350. Siku ya nne bila dawa zimebaki kama 175. Siku ya nane, 87. Siku ya kumi na mbili, 43. Ubongo uliokuwa umeshikiliwa na dawa miaka mitano unaachiwa ndani ya siku chache, na anguko linakuja wakati ambao hakuna anayelihusisha na vidonge vilivyokwisha wiki iliyopita. Wanasema amerogwa upya.

Tena anguko la kuacha ghafla si kama yale ya zamani. Linaweza kuwa degedege lisilokatika, moja linafuatana na jingine bila mtu kuzinduka katikati. Hata mzee wa kutetemeka ambaye hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake anaweza kulipata akiacha primidoni ghafla baada ya kuitumia muda mrefu.

Kwa hiyo hesabuni vidonge kila Jumapili. Vikibaki vya siku 14, safari ya kutafuta inaanza siku hiyo, si kopo likiwa tupu. Mtu anayetumia vidonge viwili kila usiku maana yake ni vidonge 28 chini ya kopo ambavyo haviguswi bila mpango. Zahanati ikikosa, nendeni kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, mkiwa na kadi na kopo lenyewe mkononi. Dawa hii haiuzwi hovyo bila cheti, kwa hiyo kadi isisahaulike nyumbani.

---

Msumari (#8)

Nesi, zikibaki chache si bora akate nusu nusu zifike mbali? Bora nusu kuliko sifuri.

---

Nesi_wa_Usiku (#9)

Msumari, siungi mkono. Watu wakisikia hivyo watafanya kila mwezi ili kubana hela.

---

Mpima_Dozi (#10)

Hapa natofautiana na Nesi kidogo. Kwa dharura halisi, vidonge sita vimebaki na barabara imekatika kwa mvua, nusu kila usiku ni bora kuliko vyote siku tatu halafu hakuna. Mtungi unashuka taratibu badala ya kuporomoka. Lakini ni njia ya kufika hospitali, si namna ya kuishi. Na mganga akiwapokea aambiwe ukweli kwamba mmekuwa mkitoa nusu tangu siku fulani, asije akadhani dozi kamili imeshindwa akaongeza.

Kisichokubalika ni kubadilisha dawa wenyewe. "Feno hakuna, chukua hii fenitoini, nayo ni ya kifafa." Hapana. Dozi hazilingani, na kubadilisha hufanywa kwa kupishanisha: mpya inapanda huku ya zamani inashuka.

Kuacha kwa mpango ni jambo jingine. Kwa kawaida hufikiriwa baada ya angalau miaka miwili bila anguko hata moja, na mshauri akiwa daktari. Kwa mtu wa mg 90, wengi hukata mg 15, nusu kidonge, kwa mwezi. Piga hesabu: ni nusu mwaka. Anguko likitokea njiani, mnarudi hatua moja nyuma na kumwona daktari. Wakati wote huo asiendeshe bodaboda na asipande mnazi.

Kidonge kimoja kikisahaulika usiku, ameze asubuhi akikumbuka. Akikumbuka usiku unaofuata, ameze cha usiku huo tu. Asifidie kwa viwili. Kwa feno dozi moja haishushi mtungi sana. Kwa primidoni ya mara tatu kwa siku, kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, iliyopita imepita.

---

kibarua254 (#11)

Salamu kutoka Kwale. Mnasemaje kuhusu kuchanganya na dawa zingine? Nimeskia inaua nguvu ya vijiti vya kupanga uzazi na pia ya malaria. Ni kweli ama ni porojo za mtaani?

---

Mpima_Dozi (#12)

Ni kweli, na hili linastahili uzi wake. Feno (na primidoni kupitia feno) inaamsha vimeng'enya vya ini. Ini likishaamka, halichagui. Dawa nyingine zinazopita njia hiyo zinasafishwa haraka kabla ya kumaliza kazi. Huchukua wiki mbili tatu kuamka, na likiacha dawa huchukua wiki kadhaa kutulia.

*Uzazi wa mpango.* Vidonge, vyote viwili, vyenye homoni mbili na vya homoni moja, havitegemewi. Vijiti vya mkononi nguvu yake hupungua, na mimba zimetokea. Sindano ya miezi mitatu (Depo) inabaki salama, kitanzi cha shaba kinabaki salama kwa sababu hakina homoni kabisa, na kitanzi chenye homoni nacho kinatumika. Mama akifika kliniki ya uzazi wa mpango aseme "natumia dawa ya kifafa" kabla hajakunjua mkono. Anayekaa upande wa pili hana namna ya kujua.

*Mseto wa malaria.* Dawa zote mbili zilizomo ndani yake hushuka kwenye damu. Hii haimaanishi asinywe mseto. Anywe, amalize siku tatu zote, anywe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, na mganga ajue kuhusu feno ili achague na afuatilie. Homa ikiwa bado ipo siku ya tatu, arudi kupimwa kwa hadubini, asingoje. Malaria yenyewe huleta degedege, kwa hiyo mwenye kifafa hana nafasi ya malaria nusu. Meflokwini, ya kinga ya wasafiri, haimfai mwenye kifafa kabisa.

*ARV.* Dolutegravir iliyomo kwenye kidonge cha TLD inasukumwa nje haraka. Hili haliamuliwi jukwaani. Kliniki mbili lazima zisomeane kadi, na mara nyingi kinachobadilishwa ni dawa ya kifafa.

*Minyoo.* Albendazoli na prazikwanteli hushuka pia. Ni muhimu pale kifafa kilipotokana na mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni, maana hapo albendazoli ndiyo tiba yenyewe.

*Warfarini.* Damu huanza kuganda upya. Hatari zaidi ni siku feno inapoachwa: ini linalala, warfarini inapanda, mtu anatoka damu. Kipimo cha kuganda damu kirudiwe mara kwa mara pande zote mbili.

Kuna inayokwenda kinyume: valproeti huzuia feno isitoke. Tundu la mtungi linazibwa nusu. Mgonjwa aliyeongezewa valproeti juu ya feno yake ya zamani akianza kulala mchana kutwa, mrudisheni, dozi ya feno inatakiwa ishuke.

Na dukani: tramadoli inachokoza kifafa, siprofloksasini vilevile. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi zinajumlishana na feno. Sema unachotumia kabla ya kulipa.

---

kibarua254 (#13)

Shukran. Ya Depo nilikuwa sijui.

---

Tabibu_Mstaafu (#14)

Niongeze la ngozi, kwa sababu ndilo pekee linalovunja sheria ya "usiache ghafla".

Wiki ya kwanza hadi ya nane tangu kuanza: vipele vinavyosambaa, pamoja na homa, au vidonda mdomoni, macho mekundu yanayouma, tezi za shingo kuvimba, ngozi kuanza kubambuka. Hapo dawa inasimama siku hiyo hiyo na mgonjwa anakwenda hospitali saa hiyo hiyo, ambako atapewa kinga nyingine ya degedege kwa muda. Msimpake losheni mkangoja asubuhi. Na jina la dawa liandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada la kadi, kwa sababu aliyepata hivyo kwa feno anaweza kupata kwa primidoni, fenitoini na kabamazepini. Zina undugu.

Kwa wanaotumia miaka mingi: mifupa hupungua nguvu na damu hupungua kwa upungufu wa foliki asidi. Mtengenezaji wa primidoni anapendekeza picha kamili ya damu na vipimo vya ini na figo kila miezi 6.

---

ua_la_mlimani (#15)

Vipi watoto? Kuna mtoto wa kilo 15 kaandikiwa kidonge kimoja usiku. Tangu aanze halali, anakimbia ndani ya nyumba kama kapandisha. Si walisema inaleta usingizi?

---

Nesi_wa_Usiku (#16)

Dozi ya kuanzia ya mtoto ni mg 2 hadi 3 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 15 ni mg 30 hadi 45, kwa hiyo kidonge kimoja kiko sawa. Kupanda kunaishia mg 6 kwa kilo. Uzito upimwe kila ziara, mtoto anakua na dozi inabaki ya mwaka juzi.

Hiyo ya kukimbiakimbia inajulikana. Kwa watu wazima feno hulaza, kwa baadhi ya watoto huchangamsha kupita kiasi, wanakuwa wakali, hawatulii darasani. Msimwongezee dozi mkidhani itamtuliza. Mrudisheni kliniki mkaeleze hivyo hivyo ulivyoandika, mwenye tabia hiyo anaweza kubadilishiwa dawa.

Kopo liwe na kifuniko cha kubana, juu ya kabati, si kwenye mkoba wa bibi uliotundikwa mlangoni. Vidonge vyenyewe ni vidogo na vyeupe kama pipi. Mtoto mwingine akivimeza: anaongea kama mlevi, anayumba, kisha usingizi ambao hukuamshi, pumzi inapungua. Hakuna dawa ya kugeuza feno. Hospitali watampa mkaa wa kunyonya sumu na kumsaidia kupumua. Nyumbani hakuna maziwa, hakuna mafuta ya kula, hakuna kumtapisha. Beba kopo, hesabu vilivyobaki, nenda.

---

ua_la_mlimani (#17)

Asante nesi. Na akianguka licha ya dawa tunafanya nini, bibi yake huwa anamwekea kijiko.

---

Nesi_wa_Usiku (#18)

Kijiko kitoke. Kinavunja meno na kuziba koo. Ulimi haumezwi. Angalia saa, ondoa jiko na mawe karibu yake, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu. Likikatika mlaze ubavu mate yatoke. Povu haliambukizi, mguse. Likivuka dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, ni hospitali. Vidonge vya feno havitiwi mdomoni wakati huo.

---

Faraji_ya_Ndani (#19)

Ramadhani karibu. Aliye kwenye feno ya usiku anafunga?

---

Mpima_Dozi (#20)

Feno ya mara moja usiku haigongani na saumu, kidonge kinabaki pale pale baada ya futari au kabla ya kulala. Kinachomwangusha mfungaji ni kukesha na kukatisha usingizi kwa daku. Alale mapema baada ya tarawehe. Primidoni ya mara tatu ndiyo yenye shida, na mabadiliko ya ratiba yafanywe na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kuamkia. Ambaye bado anaanguka, au ndiyo kwanza anapandishiwa dozi, sheria inampa ruhusa ya mgonjwa.

---

ChaiRangi (#21)

Tumeelewana, kopo limefungwa, mzee anapelekwa kwa daktari kwanza. La mwisho: kuna binti anataka mimba na yuko kwenye feno, halafu anasafiri Oman kumfuata mume. Abebe za miezi mingapi?

---

Mpima_Dozi (#22)

Hayo ni mawili. La mimba: asiache dawa kwa hofu, maana anguko kubwa humnyima mtoto hewa. Aonane na daktari *kabla* ya kubeba mimba. Feno ina hatari yake kwa mtoto, ikiwemo ya moyo, na kipindi hicho ndicho cha kujadili dawa nyingine, ingawa isiwe valproeti, ambayo ni mbaya zaidi. Foliki asidi mg 5 kwa siku aanze mapema. Siku ya kujifungua wakunga wajue, mtoto apewe sindano ya vitamini K mara tu anapozaliwa, na aangaliwe kama analala mno au hanyonyi vizuri. Kunyonyesha kunawezekana huku mtoto akiangaliwa hivyo hivyo.

La safari: feno imo kwenye Jedwali la IV la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Nchi za Ghuba ziko makini sana na orodha hiyo. Kabla ya kukata tiketi aulize ubalozini kuhusu kibali na idadi ya siku inayoruhusiwa, si afike uwanjani ndipo aeleze. Abebe barua ya daktari ya Kiingereza yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la dawa la kitaalamu, nguvu ya kidonge, dozi kwa siku na jumla ya vidonge. Vidonge vibaki kwenye kopo la famasi lenye lebo, na vikae kwenye begi la mkononi. Sanduku likipotelea Dubai, ule mtungi unaanza kuvuja.